Siku moja maishani mwangu: karani wa dagaa Mwaloni na tumbo lake

Saa 11 alfajiri

Naishi Kitangiri, jijini Mwanza, juu kabisa kwenye mawe, kule ambako bodaboda anakushusha chini na kukwambia, "Hapo malizia kwa miguu, kaka." Nateremka na jerikeni tupu, napanda nayo ikiwa imejaa lita 20. Nusu ya mlima naibeba kwa mkono wa kulia, nusu kwa wa kushoto. Mzigo ukining'inia upande mmoja, misuli ya tumbo na ya ubavu wa pili inalazimika kukaza ili usipinde. Hilo ndilo zoezi langu kubwa la tumbo, na maji ya kuoga yanapatikana humo humo.

Uani namalizia na pushapu, skwati, na kukaa juu ya viwiko mwili ukiwa umenyooka mpaka tumbo litetemeke. Sitapu nafanya chache, siku nyingine sifanyi kabisa. Vijana wa jimu ya mtaani wananicheka, maana wao wanazipiga mpaka mgongo unalia. Sitapu zinakuza msuli, sawa, ila haziamui mafuta yatoke wapi. Mafuta hupungua mwili mzima, na kwa wanaume wengi ya tumboni ndiyo ya mwisho kuaga.

Saa 12 na nusu

Mayai mawili ya kuchemsha, kiazi kitamu, chai ya rangi bila sukari. Maandazi ya jirani yananukia hadi chumbani.

Saa 1 na nusu

Mwaloni, soko la samaki la Kirumba. Mizigo ya dagaa kutoka visiwani imeshateremshwa, wanunuzi wanabishana bei, na mimi niko kwenye kiti pembeni ya mizani na leja yangu. Kazi yangu ni kukaa. Ndiyo maana nasimama kila ninapopata mwanya, na taarifa za ghalani nazipeleka mwenyewe kwa miguu badala ya kupiga simu. Kukiwa na mbalamwezi kazi inapoa, kwa sababu dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Wiki hizo natembea zaidi.

Ukitaka kuelewa habari ya siksipaki, yaani tumbo lililogawanyika vipande vya misuli, kaa hapa uwaangalie makuli. Kuna kijana wa Ukerewe, akivua fulana unaweza kumhesabu tumbo kama mchoro wa kitabu cha baiolojia. Siku moja nilimuuliza anafanya tizi gani. Akacheka. "Karani, hii siyo tizi. Hii ni magunia na njaa."

Nimekuwa nikiitafakari kauli hiyo, kwa sababu mwenzake anabeba magunia yale yale, mlango ule ule, na ana kitambi cha kueleweka. Mabega yao hayapishani. Kinachopishana ni jioni. Yule wa pili akishalipwa anakwenda kwenye bia, na bia ya nusu lita ina kalori karibu 200. Chupa nne ni 800, kabla hata nyama choma haijafika mezani. Chini ya kitambi chake misuli ipo tena imara kuliko yangu, lakini haina pa kutokea.

Kila mtu ana msuli huo wa mbele ya tumbo. Mistari inayoukata vipande mtu huzaliwa nayo: wengine hupata vinne, wengine sita, wengine nane, na si lazima vya kushoto vilingane na vya kulia. Kwa hiyo anayekuuzia mazoezi ya kupata nane anakuuzia upepo. Kwa mwanaume, vipande huanza kuonekana vizuri mafuta yakiwa kama asilimia 10 hadi 14 ya mwili. Kwa mwanamke ni juu zaidi ya hapo, na mwanamke asijilazimishe kufika kwenye namba za mwanaume, kwani hedhi inaweza kuvurugika.

Saa 7 mchana

"Karibu mwanangu, leo sato wa kukaanga," anasema mama lishe.

"Shikamoo mama. Niwekee wa mchemsho."

"Marahaba. Unaumwa?"

Ananiuliza hivyo kila akikaanga. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kalori 120 hivi, na sato akitoka kwenye karai hatoki na kijiko kimoja. Nakula samaki wote, mboga nyingi, ugali wa ngumi moja. Ugali hauna kosa, kosa ni mlima wake. Protini ndiyo naipigia hesabu: gramu 1.6 kwa siku kwa kila kilo ya uzito inatosha kwa anayefanya mazoezi, na sisi wa Ziwa hatuna kisingizio, dagaa tunalala nao.

Saa 10 jioni

Soda zinazungushwa na mnunuzi aliyefurahi. Nachukua maji.

Saa 12 jioni

Natembea haraka kupitia upande wa uwanja wa CCM Kirumba hadi nyumbani. Kuna wanaoniuliza kwa nini nisiogelee, ziwa si hili hapa? Kichocho. Konokono wanaokieneza wanakaa kwenye maji ya ufukweni yenye majani, na mimi tumbo nalitaka bila vijidudu.

Saa 2 usiku

Maharage, mchicha, ugali mdogo. Lengo ni kula kama kalori 500 pungufu ya ninazotumia kwa siku, si kufa njaa. Kilo moja ya mafuta ina takriban kalori 7,700, basi hesabu mwenyewe kama tangazo la "siksipaki kwa siku saba" linawezekana.

Asubuhi naona vipande vinne vya juu. Baada ya chakula vinazama. Mke wangu anasema anavipenda vikiwa vimezama.

Saa 4 usiku

Nalala. Usingizi ukipungua, kesho yake njaa inakuwa ya kishetani. Jumapili sato atakaangwa, mama watoto ameshatangaza, na mimi sijapinga.