Noti moja ya besi kule Munich

Mei 2018 kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi Ujerumani ilikodi chumba kwenye High End, maonyesho ya vyombo vya kusikilizia muziki nyumbani. Maonyesho hayo yalianzia Düsseldorf mwaka 1982, na tangu 2004 yalikuwa yakifanyika Munich, katika jengo la MOC mtaa wa Freimann. Chini kuna kumbi pana zenye vibanda. Ghorofani, kuzunguka uwazi uliofunikwa kwa paa la kioo, kuna vyumba ambavyo kampuni zilikuwa zikitambia vyombo vyao mbele ya wageni kutoka dunia nzima. Upande wa mlangoni ni kioo kitupu. Kioo hurudisha sauti kali vibaya sana, na fundi yeyote wa muziki akikiona anajua ana kazi.

Tulipandisha vyombo kwa lifti ya mizigo. Spika zilikuwa mbili, kila moja karibu kilo 90, zimefungwa kwenye makasha ya mbao. Amplifaya ilikuwa ya valvu, zile taa za kioo za kukuza sauti, za 300B, aina iliyobuniwa na kampuni ya Marekani ya Western Electric miaka ya 1930, na nguvu yake ilikuwa wati 8 tu kila upande. Kwetu Unguja tumezoea kusikia mtu akijisifia wati elfu za disko, na kwa uwanja wa harusi anazihitaji kweli. Lakini spika inayotoa desibeli 96, yaani sauti kubwa, kwa wati moja tu, umbali wa mita moja, haina shida na wati 8 ndani ya chumba. Naamini mpaka leo kwamba wati ndicho kitu cha mwisho kuulizia unaponunua muziki wa nyumbani.

Jioni ya kwanza iliishia kwenye mngurumo wa umeme. Kichwa cha sindano ya santuri kilikuwa kinatoa milivolti 0.3 hivi, kwa hiyo lazima kikuzwe mara maelfu, na uchafu wowote wa umeme unakuzwa pamoja nacho. Kompyuta ya kuchezea muziki ilikuwa imechomekwa ukuta wa pili, ikapata njia yake ya ethi, ya umeme kuingia ardhini, mbali na vyombo vingine. Tulivileta vyote kwenye soketi za upande mmoja, mngurumo ukaisha.

Kazi yenyewe ilianza asubuhi, siku moja kabla ya ufunguzi.

Tulipowasha, sauti za juu zilikuwa nzuri, lakini kila mpiga besi alipogusa noti moja ya chini, chumba kizima kilivuma. Noti jirani zake zilipita salama. Ile moja ilikuwa inajaa, inakaa, inaifunika sauti ya mwimbaji, kisha inaondoka kwa kuchelewa. Mwenye kampuni, mzee wa Kijerumani ambaye maisha yake yote ni vyombo hivi, alikunja uso. Kijana aliyekuwa akitusaidia akapendekeza tubadilishe nyaya. Nilisema tusiguse waya hata mmoja, nikachukua futikamba.

Chumba kilikuwa na urefu wa mita 7. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mtetemo wa mara 49 kwa sekunde una wimbi la mita 7 zilezile. Wimbi hilo linagonga ukuta, linarudi, linakutana na jingine linalokuja, na badala ya kupita yanajazana. Mitetemo 49 ni G ya chini ya besi kubwa ya kusimama, noti ambayo mpigaji anairudia wimbo mzima. Kujazana huko ni kukali ukutani na katikati ya chumba. Ukienda robo ya urefu kutoka ukuta wa mbele au wa nyuma, karibu kunatoweka. Sisi spika tulikuwa tumezisogeza ukutani ili kuokoa nafasi, na mstari wa mbele wa viti ulikuwa katikati kabisa.

Spika hazikuleta ubishi. Tulikuwa bado hatujazifunga miiba ya chuma chini, tumezikalisha juu ya vipande vya kapeti vilivyogeuzwa, hivyo watu wawili waliweza kuzisukuma. Tulizileta mbele kidogo kidogo mpaka zikafika mita 1.75 kutoka ukutani, nikaweka alama sakafuni kwa utepe wa gundi. Mvumo ulipungua, lakini haukwisha. Vilibaki viti.

"Viti ndivyo vinavyotuletea wateja," mzee alisema. "Mtu akikosa pa kukaa, anakwenda chumba cha jirani."

Alikuwa na haki ya kuhofia. Chumba kama kile hakikodishwi kwa bei ndogo, na mgeni ana milango mingine mingi ya kufungua. Nilimjibu kwamba mgeni akikaa pale na kusikia mvumo ule hatalaumu chumba, atalaumu spika. Hakuridhika. Basi nikairudia ile noti peke yake, tena na tena, nikamwomba atembee taratibu kutoka mbele hadi nyuma. Alitembea ameinamisha kichwa, mikono mgongoni. Katikati akatikisa kichwa. Akaendelea, hatua mbili, tatu, kisha akasimama, akarudi nyuma hatua moja, akasogea tena mbele. Nilipopima aliposimama, palikuwa kama mita 5 na robo kutoka ukuta wa spika. Robo tatu ya chumba. Akavuta kiti mwenyewe akakiweka pale, na mstari mmoja mzima wa viti ukatolewa nje.

Zilizobaki zilikuwa kazi za mkono. Kijana alipitisha kioo cha kunyolea ubavuni mwa ukuta nami nimekaa kwenye kile kiti. Pale nilipoiona twita ya spika, kile kispika kidogo cha sauti za juu, ndani ya kioo, hapo ndipo sauti inapogonga kabla ya kunifikia. Tukasimamisha vibao vya pamba nzito pande zote mbili, na kwenye kioo cha mlangoni tukatundika pazia zito mpaka chini. Spika tukazigeuza kidogo kuelekea kwa msikilizaji, tukahakikisha kwa leza kwamba zimegeuka sawa. Halafu miiba, pimamaji, na sindano ikapimwa kwenye mizani yake, gramu 2.

Mwisho nilitoa santuri yangu ya taarab ya Unguja. Wenye kazi hii huwa na rekodi zao za majaribio zilizorekodiwa kwa ustadi mkubwa, nami nazitumia. Ila huwezi kuhukumu sauti ya ala ambayo hujawahi kukaa karibu nayo. Mjomba alikuwa akinichukua kwenye mazoezi nikiwa mdogo, nakaa ubavuni mwa mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, naona zile pete za vidoleni zikidonoa nyuzi. Kabla ya sauti ya uzi kuna kidonoo kidogo kikavu, na spika na amplifaya nyingi hukimeza. Siku ile nilikisikia, kushoto kidogo ya katikati, fidla zikiwa nyuma yake na besi chini, kila noti na urefu wake.

Mzee aliuliza kama kwetu santuri zilikuwepo zamani. Nilimweleza kwamba Siti binti Saad na wenzake walisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi, na santuri zao zikapigwa pwani yote ya Afrika Mashariki. Alinitaka niirudishe sindano mwanzo.

Siku ya kwanza ilikuwa ya wafanyabiashara. Waliingia wakakaa, na viti vichache vile havikuwa tupu, na wengine walisimama nyuma wakiwa na madaftari yao. Muuzaji mmoja aliuliza tumeficha wapi mashine ya kurekebisha besi. Mzee alimwonyesha alama za utepe sakafuni.

Jioni aliniagiza nichore ramani ya chumba na vipimo vyote. Ramani hiyo tuliitumia tena tuliporudi Munich, na viti vilikuwa vilevile vichache. Mwaka 2026 maonyesho yanahamia Vienna, na huko vyumba vina vipimo vyao.