Kioo Hatukuwa Nacho: Nilivyofundisha Unasihi wa Familia Kigoma

Chumba tulichopanga kilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, Mwanga. Mwenye nyumba alitupunguzia kodi kwa sharti moja: mabati yake yaliyoegemezwa ukutani tusiyaguse. Humo ndimo nilimoanza kufundisha unasihi wa familia, yaani kukaa na familia nzima na kuisaidia kuzungumza yanayoisumbua. Wanafunzi walikuwa 11: muuguzi mstaafu, ustadhi wa madrasa ya Ujiji, katekista, walimu wawili, na waliobaki akina mama wa VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, ambao kesi za ndoa za mtaa mzima huishia sebuleni kwao. Mimi mwenyewe nilisoma ustawi wa jamii Kijitonyama, Dar es Salaam. Haya ya familia niliyaongezea baadaye, kwa vitabu vya kuazima na semina za hapa na pale.

Kilichonitoa jasho mwanzoni ni kwamba wote walikuwa wasuluhishi tayari. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mgogoro wa ndoa upite kwenye baraza la usuluhishi kabla mtu hajaenda mahakamani kudai talaka, kwa hiyo mtindo wa baraza umewakaa watu damuni: huyu aseme, yule ajibu, wazee waamue nani kakosa. Mtu aliyezoea kuamua, kumrudisha kwenye kuuliza ni shughuli. Siku ya kwanza nilimwambia katekista ajifanye mnasihi, wenzake wajifanye mke na mume. Dakika ya nne alishampa mume onyo la mwisho.

Nikaona niwape historia kwanza, wajue fani ilitoka wapi. Niliwaeleza kwamba Marekani ya miaka ya 1950 daktari wa akili aliyekaa na mgonjwa pamoja na ndugu zake alionekana anaharibu tiba. Kwamba mwaka 1954, huko Bethesda, daktari wa akili Murray Bowen alianza utafiti ambao ulifikia kuwalaza wodini wazazi na ndugu pamoja na mgonjwa, ili awaone wote kwa mkupuo. Muuguzi wangu akacheka mpaka akavua miwani.

"Sasa hilo nalo la kugundua? Wodini kwetu ndugu amelala chini ya kitanda tangu nianze kazi!"

Sikuwa na jibu. Ila nilimwambia, mama, ulimuuliza huyo ndugu wa chini ya kitanda kitu chochote zaidi ya kumwambia akalete uji? Akanyamaza kidogo. Tukaendelea.

Walichokipenda zaidi ni kwamba vituo vya mwanzo vya kufundishia kazi hii vilikuwa vidogo, vingine nje kabisa ya vyuo vikuu. Kule Palo Alto, California, daktari wa akili Don Jackson alianzisha taasisi ndogo ya utafiti mwishoni mwa miaka ya 1950, na aliyesimamia mafunzo ya familia hapo, Virginia Satir, hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa ustawi wa jamii kama mimi. (Hapo nilijinyoosha kidogo, nakiri.) Nathan Ackerman akafungua taasisi yake New York mwaka 1960. Salvador Minuchin, Muajentina, alishika kliniki ya watoto ya Philadelphia mwaka 1965. Yeye na wenzake, Jay Haley na Braulio Montalvo, wakachukua watu wa mitaa ya kimaskini wasio na digrii yoyote na kuwafundisha kushughulika na familia za mitaa ileile. Akina mama wa VICOBA waliposikia hilo walikaa wima.

Wanafunzi wa Philadelphia hawakufundishwa kwa hotuba. Walifanya kazi wakitazamwa. Chumba kina kioo cha kuonea upande mmoja, mwalimu yuko nyuma yake, na akiona mwanafunzi anapotea, anapiga simu chumbani: muulize mtoto, si mama. Mimi nilikitamani kioo hicho kuliko kitu chochote. Nilimwendea fundi wa vioo, akasema atabandika tinti ya gari, kazi ya nusu saa. Lakini kioo cha namna hiyo hufanya kazi pale tu chumba cha familia kina mwanga mkali na cha watazamaji kina giza. Umeme ukikatika, na hukatika, unabaki na dirisha la kawaida na watu watatu wanakukodolea macho.

Basi nikafunga pazia. Kitenge kizito, kamba ya manila, misumari miwili.

Familia ya kwanza ilitoka upande wa Kibirizi. (Mambo yao nimeyageuza, wasitambulike.) Baba mvuvi wa dagaa, mama, bibi mzaa baba, na kijana wa miaka 14 aliyeacha kuzungumza nyumbani. Tulipanga kikao wakati wa mbalamwezi, maana dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza; mwezi ukiwaka wavuvi wanapumzika na baba anapatikana mchana. Hilo la mwezi nilijifunza kwa kukosea: familia mbili za kabla yao zilikuja bila baba na mimi nikawalaumu hao akina baba bure.

Nyuma ya pazia nilimweka ustadhi, muuguzi na mwalimu mmoja, na madaftari yao. Baba nilikuwa nimemwomba ruhusa, akakubali. Bibi sikumwomba. Tulipofika katikati, ustadhi akakohoa.

Bibi akageuza shingo taratibu. "Anayekohoa huko ni wa kwetu au wa kwenu?"

Kabla sijapata la kusema alishasimama, akalivuta pazia na kamba yake. Wale watatu wakaonekana wamekaa kwenye mifuko ya saruji kama wezi wa embe. "Shikamoo bibi," ustadhi akasema. Bibi hakuitikia. Akanigeukia: "Mwanangu, mtu anayesikiliza nyuma ya pazia, kwetu ana jina lake."

Niliomba radhi, na niliomba kweli. Nikajua siku imeharibika. Lakini bibi hakuondoka. Aliwaamuru watoke, wakae kwenye mkeka mbele yake, waseme walichokuwa wanaandika. Muuguzi akasema la heshima lisilo na kichwa wala miguu. Ustadhi, sijui alipata wapi ujasiri, akasema: "Bibi, mimi niliandika kwamba kijana akiulizwa, unajibu wewe."

Kimya. Kisha yule kijana akacheka, sauti ya kwanza niliyoisikia kwake tangu waingie. Baba akamtazama, akatazama chini.

Jioni nikarudi kwenye vitabu, nikakumbuka habari niliyowahi kuipita haraka. Tromsø, kaskazini ya mbali ya Norwei, mwaka 1985, Tom Andersen na wenzake wakiwa nyuma ya kioo chao waliamua kugeuza taa na sauti, ili familia iwatazame na kuwasikia wataalamu wakiizungumzia. Waliokuwa wamejificha wakawa wanaonekana. Bibi wa Kibirizi alikuwa amefanya hivyohivyo kwa mkono mmoja.

Tangu hapo hatujifichi. Wawili wanakaa pembeni, wazi, wametambulishwa, na ruhusa inaombwa kwa kila aliyemo chumbani, kuanzia mkubwa. Katikati tunasimama, wale wawili wanazungumza wao kwa wao na familia inasikiliza, halafu familia inawajibu. Wanasema walichokiona tu, kwa ufupi, bila ushauri. Katekista lilimshinda kwa miezi miwili. Kila akifungua mdomo ni nasaha.

Kingine kilichotusaidia ni mchoro wa ukoo. Kwa kawaida mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara, vizazi vitatu karatasini. Sisi tulitumia viberiti vitupu na vizibo vya soda juu ya mkeka, na kila mwanafunzi alianza na ukoo wake. Bowen mwenyewe aliwahi kuwasimulia wenzake habari za familia yake mkutanoni, mwaka 1967. Zilipochapishwa mwaka 1972 jina lake halikuwekwa. Nilianza mimi. Mama mdogo aliyenilea, kwa kanuni ya karatasi ni wa kukaa pembeni, kizibo miongoni mwa vizibo. Mkono wangu ukakichukua ukakiweka katikati, nikashindwa kuendelea kwa muda. Hakuna aliyenipa nasaha, hata katekista.

Kijana wa Kibirizi na nduguze walirudi mara nne. Mara ya tatu bibi alifika kabla ya wote, akachungulia mlangoni na kuuliza, "Yule wa kukohoa yuko wapi leo? Sianzi bila yeye."

Pazia bado tunalo. Tumelifunikia mabati ya mwenye nyumba, maana watoto wanaokuja na familia walikuwa wanayapiga ngoma.