Saa kumi usiku, 3.4

Nimeamka kabla ya simu ya daku kulia. Nilipompapasa mwanangu nikamkuta amelowa jasho, shingo ya baridi kama mtungi. Nikamchoma kidole, mashine ya kupima sukari ya damu ikasoma 3.4, imeshuka mno. Nikakoroga vijiko vitatu vya sukari kwenye nusu kikombe cha maji, nikamwinua kichwa, akanywa macho nusu. Sasa nangoja robo saa nimpime tena.

Jana jirani kaniambia, tena kwa upole, "Ungemnyima soda mapema, shoga, yasingefika huku." Sikumjibu. Jina lenyewe, ugonjwa wa sukari, linampoteza mtu. Hata mimi miezi ya mwanzo nilikuwa nahesabu kila kashata niliyowahi kumnunulia, mpaka nesi wa kliniki aliponikalisha chini. Kisukari aina ya kwanza hakiletwi na peremende, akasema. Ni kinga ya mwili wake mwenyewe, ile ya kupigana na vijidudu, iliyozigeukia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, ile homoni inayoshusha sukari kwenye damu, ikaziua kimyakimya muda mrefu kabla ya dalili kuonekana. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema. Hiki kilikuwa ndani zaidi ya nguo. Nilipumua. Kisha nikaona aibu kwamba nimepumua.

Dalili nilizionaje nisizijue? Ana miaka saba, akarudi kukojoa kitandani, nikamgombeza. Maji hayamtoshi. Sisimizi wamejaa alipokojoa. Akakonda, akaanza kuhema kwa kasi, pumzi ikanuka kama tunda lililoiva mno. Zahanati ya kwanza walisema malaria, tukarudi na vidonge. Kesho yake hajitambui. Tone moja la damu lingetosha siku ile, na mashine ya kupimia inaenea kiganjani. Hilo bado linanikaba.

Insulini yake naihifadhi kwenye chungu kilichowekwa ndani ya chungu kingine, katikati mchanga ninaoulowesha asubuhi na jioni, maana umeme wa huku hauaminiki. Mwaka 1922 kijana wa miaka 14 kule Toronto, Leonard Thompson, alikuwa wa kwanza kutibiwa kwa dawa hii. Kabla yake watoto wa namna hii walipunguziwa chakula mpaka wakabaki mifupa, na bado walikufa. Nikiwaza hivyo, vyungu vyangu havinichoshi sana.

Nimempima. 5.9, imepanda, iko sawa. Nimeandika kwenye daftari lake.

Kafumbua jicho moja, kaniuliza kama yale maji ndiyo yalikuwa daku yake, na kama basi leo anahesabiwa amefunga.