Kabla hujainunulia hospitali mashine, uliza umeme wa LUKU atalipa nani

Ikifika tarehe 8 Machi, wodi za wazazi hapa Tanzania hujaa wageni. Vikundi vya akina mama, vikoba, kwaya na wafanyakazi wa mabenki huja na katoni za sabuni, sukari na nepi, huwajulia hali wazazi, kisha hupiga picha na mganga mfawidhi. Ni jambo jema na wazazi hushukuru kwa dhati. Lakini sabuni ya Machi haifiki Juni, na Juni wageni huwa hawapo. Anayetaka mchango wake umfikie mgonjwa atakayelazwa usiku wa Agosti aanze na orodha ya mahitaji ya hospitali yenyewe, apige hesabu ya matumizi ya mwaka, ndipo aingize mkono mfukoni.

Tunazungumzia hospitali za wilaya, pamoja na zile za mashirika ya dini ambazo serikali imeingia nazo mkataba zikawa hospitali teule. Hizi za pili hupata sehemu ya mishahara na dawa kutoka serikalini. Pengo linalobaki huzibwa na ada za wagonjwa na michango, na mgonjwa wa kijijini mara nyingi hana cha kulipa mpaka avune.

Tuanze na oksijeni, maana ndipo michango mingi inapoelekea na ndipo mingi inapopotelea. Mtoto mwenye nimonia ambaye oksijeni katika damu yake imeshuka chini ya asilimia 90 anatakiwa awekewe oksijeni papo hapo. Mtoto mchanga anahitaji nusu lita hadi lita 1 kwa dakika. Aliyefikisha miezi kadhaa, lita 1 hadi 2. Kwa hiyo mashine moja ya kuzalisha oksijeni ya lita 5, ikifungwa kigawanyio, inahudumia watoto wachanga wanne kwa wakati mmoja. Ukiona wodi ya watoto ina mashine mbili na kigawanyio hakuna, nunua kigawanyio kwanza. Ni cha bei ndogo kuliko mashine ya tatu, na kinaongeza vitanda leo hii.

Mashine yenyewe huvuta hewa ya chumbani na kuipitisha kwenye chembechembe za zeolaiti zinazonasa naitrojeni, ikabaki oksijeni ya takriban asilimia 93. Maadui zake ni vumbi, unyevu na umeme. Sponji ya kuchuja vumbi inaoshwa kwa maji ya sabuni kila wiki na kukaushwa kabisa kabla ya kurudishwa, kwa hiyo kila mashine iwe na sponji mbili za kupokezana. Ikiwa ni moja tu, muuguzi mwenye mgonjwa kitandani hawezi kuzima mashine asubiri sponji ikauke. Ataiacha chafu au atairudisha mbichi, na unyevu huo ndio unaoharibu zeolaiti. Mashine iliyokaa stoo miezi mingi bila kuwashwa nayo hufyonza unyevu. Siku ikitolewa inanguruma vizuri tu, hewa inatoka, lakini hewa hiyo haina oksijeni ya kutosha. Nyingi hutoa mlio wa hadhari usafi unaposhuka chini ya asilimia 82, ila kengele nayo huharibika. Kipima usafi wa oksijeni kidogo cha mkononi, kinachotumika kila mwezi kwa mashine zote, ni zawadi ambayo haivutii kwenye picha lakini inaokoa maisha.

Umeme tuueleze taratibu, hasa kwa ndugu zetu walioko Marekani na Kanada wanaokusanya vifaa vilivyotumika. Umeme wetu ni volti 230 na hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Wa kule ni volti 120 na hezi 60. Wengi hununua transfoma ya kushusha volti wakadhani wamemaliza kazi. Transfoma inabadilisha volti tu. Hezi inaziacha zilivyo. Mota iliyotengenezwa kwa hezi 60 ikilishwa hezi 50 huzunguka polepole kwa takriban moja ya sita, kompresa inasukuma hewa pungufu na kupata joto kupita kiasi. Itafanya kazi kwa muda, kisha itaungua, na fundi atalaumiwa bure. Soma kibao cha nyuma ya mashine kabla ya kulipia usafiri. Kisipoandikwa 230 V na 50 Hz, iache huko iliko.

Kisha LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Mashine ya lita 5 hula takriban wati 350. Ikiwaka saa 24 ni uniti 8.4 kwa siku, zaidi ya uniti 250 kwa mwezi. Mashine tatu ni zaidi ya uniti 750 kila mwezi, na hakuna aliyezitengea bajeti. Hapo ndipo mashine isiyo na hitilafu huzimwa mchana ili kubana matumizi. Kama kikundi chenu kina uwezo wa mashine mbili, nunueni moja, fedha ya ile ya pili iwe ya umeme, stabilaiza ya kutuliza volti, vipuri na mtungi wa akiba. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 ukimpa mtoto lita 1 kwa dakika unadumu zaidi ya siku nne na nusu. Ukimpa mtu mzima lita 5, unaisha chini ya saa 23. Umeme ukikatika usiku, hiyo ndiyo hesabu anayoifanya muuguzi wa zamu.

Na fundi? Wataalamu wa vifaa tiba hukadiria kwamba matunzo ya mwaka hugharimu asilimia 5 hadi 10 ya bei ya kununulia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliokusanya orodha za vifaa vya hospitali katika nchi 16 zenye uchumi mdogo, ulikuta takriban asilimia 38 ya vifaa havifanyi kazi, na sababu kubwa zilikuwa upungufu wa mafunzo, usimamizi na miundombinu. Chuo cha DIT pale Dar es Salaam kinafundisha mafundi wa vifaa tiba. Kumlipia ada kijana mmoja anayetoka wilaya hiyohiyo, kwa makubaliano ya maandishi kwamba atarudi, ni mchango wa wagonjwa sawasawa na mashine, na kwa maoni yetu ni bora zaidi.

Nguvu ya mafunzo imeshapimwa hapahapa nchini. Hospitali nane za Tanzania zilipofundisha watumishi wake kumsaidia mtoto aliyezaliwa bila kupumua, kwa kumkausha, kumsisimua na kumpa pumzi kwa ambubegi ndani ya dakika ya kwanza, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013. Kifaa kilichotumika ni mfuko wa mpira na barakoa yake. Kazi kubwa ilikuwa mikono iliyozoezwa.

Vitu vidogo navyo vina vipimo. Mtoto mchanga anahitaji kanula (kijimrija cha kuingizia dawa mshipani) namba 24, ile ya njano. Katoni ya kijani namba 18 haitamsaidia. Kipima oksijeni cha kidole cha mtu mzima kikifungwa kwenye mguu wa mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati, hutoa namba ya uongo, na namba ya uongo ni mbaya kuliko kukosa namba. Mipira ya puani ya oksijeni iwe saizi ya wachanga. Kwa wodi ya wazazi, vifaa vya kujifungulia hupungua daima: glovu tasa, klipu za kitovu, pamba, mpira wa kutandika.

Dawa usizibebe kwenye begi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa ya msaada iwe na angalau miezi 12 kabla ya kuisha muda inapofika nchini, na kuiingiza kunahitaji kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kabla haijasafirishwa. Kontena likitangulia karatasi, gharama za kulihifadhi bandarini humwangukia mpokeaji, yaani hospitali. Tuma fedha, mfamasia anunue kile kilichokosekana MSD, yaani Bohari ya Dawa ya serikali.

Halafu kuna mfuko wa wasiojiweza, ambao wachangiaji wengi hawajui kama upo. Daktari hutibu kwanza. Afisa ustawi wa jamii humhoji mgonjwa na ndugu zake, huangalia kama anastahili msamaha wa serikali, huomba barua ya mtendaji wa kijiji, kisha huandika kiasi ambacho mfuko utabeba. Fedha inatoka kwenye mfuko kwenda kwa mhasibu. Mgonjwa hashiki hata senti, anapewa risiti. Mfuko usiowekewa kikomo humalizwa na upasuaji mkubwa mmoja au miwili mwanzoni mwa mwaka. Wekeni kikomo kwa kila mgonjwa, na fungu la pembeni la nauli: mwenye kidonda cha moto akishindwa nauli ya kurudi kufungwa bandeji, kidonda huoza na analazwa upya kwa gharama kubwa zaidi.

Mchango wowote ulipwe kwenye akaunti ya hospitali au kwa namba ya malipo, usipitie simu ya mtu. Kifaa kiandikwe kwenye leja ya stoo siku hiyohiyo, kikiwa na namba yake. Baada ya miezi mitatu omba taarifa. Mashine nyingi za oksijeni zina mita ndogo inayohesabu saa ilizofanya kazi. Omba picha yake. Ikiwa imewaka usiku na mchana utaona takriban saa 2,160. Ukiona 40, mpigie afisa muuguzi wa wodi umuulize kwa upole kimekosekana nini. Huenda ni sponji, huenda ni fyuzi, huenda ni stabilaiza, na pengine kikundi chenu kinaweza kukilipia wiki hiyohiyo.