Ukocha mkuu wa riadha Kansas: nilivyoupata bila kuwa wakala wa Wakenya

Nianze na ushauri mbovu, maana nilishiba nao. Karibu kila Mkenya aliyenitangulia kwenye riadha za vyuo huku Marekani aliniambia lilelile: kaa kwenye masafa marefu, leta vijana wawili watatu kutoka Iten, ule mji wa wakimbiaji, kila mwaka, chuo kitakupenda na unga hautakosa nyumbani. Mmoja wao, mtu mzima ninayemheshimu, alinipigia simu usiku kunionya nisijitie fundi wa tufe na nyundo. "Hayo waachie wenyewe, ndugu yangu." Leo mimi ni kocha mkuu wa riadha, wanaume kwa wanawake, katika chuo kidogo cha kanisa hapa Kansas, naye bado ni msaidizi. Simcheki. Haya, namcheka kidogo.

Si kwamba ushauri huo ulitoka hewani. Mike Boit alisomea Eastern New Mexico enzi zilezile alizochukua shaba ya mita 800 kule Munich 1972. Henry Rono, akiwa mwanafunzi wa Washington State chini ya kocha John Chaplin, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978. Jirani yetu Mtanzania, Suleiman Nyambui, alitamba akiwa chuo cha El Paso, Texas, na Olimpiki ya Moscow 1980 akaondoka na fedha ya mita 5000. Halafu Edward Cheserek akatoka Oregon mwaka 2017 na mataji 17 ya NCAA, shirikisho la michezo la vyuo vikubwa. Sasa mkurugenzi wa michezo akisoma jina lako na akisikia unavyotamka Kiingereza, anawaona hao wote wamepanga foleni nyuma yako. Wewe ni mlango wao wa kuingilia, na mlango haupewi ofisi.

Mimi mwenyewe nilikuja kama mkimbiaji wa ufadhili nusu, nusu nyingine nikaitafuta jikoni kwenye kantini ya chuo. Sikuwa nyota. Nilimaliza digrii, nikafanya ya pili nikiwa kocha msaidizi wa ngazi ya chini kabisa, yule anayefua jezi, anayeendesha gari la timu usiku na anayelipwa kitu kama dola mia sita kwa mwezi, mwezi ukiwa mzuri. Viza ya kazi watu huniuliza sana. Baada ya masomo unapewa mwaka wa kufanya kazi, kisha chuo kinakuombea H-1B, na vyuo haviingii kwenye ile bahati nasibu ya kila mwaka ya kugawa viza hizo. Wenzangu wa kompyuta wananionea gere kwa hilo. Yaliyobaki ni makaratasi na subira.

Jambo ambalo hao washauri hawakuwahi kuniambia ni kwamba kocha mkuu kazi yake ni kuhesabu. Kwenye fainali za ligi, wa kwanza anapata pointi 10, wa pili 8, halafu 6, 5, 4, 3, 2, wa nane 1. Na kuna mashindano zaidi ya ishirini kwa kila upande: viunzi, kupokezana vijiti, miruko mitatu, kisahani, kuruka kwa upondo, mpaka ile ya wanawake ya michezo saba kwa siku mbili. Masafa marefu ni sehemu ndogo tu ya hapo. Unaweza kuwa na Mkenya anayeshinda 5000 na 10,000 kwa kutembeatembea, halafu chuo cha ng'ambo ya barabara chenye vijana wanne wanene wa kurusha vitu kikakuacha mbali sana kwenye jedwali. Nimeona hilo kwa macho yangu, na kocha aliyeachwa alikuwa na bango la Iten ukutani ofisini.

Basi nikajifunza kurusha. Nilijiambia, kama Julius Yego alisoma mkuki kwenye YouTube hadi akawa bingwa wa dunia Beijing 2015 kwa mita 92.72, mimi ninashindwaje kusoma nyundo kwa ajili ya watoto wa wakulima wa ngano? Nilikwenda kozi, kama dola mia tatu mia nne hivi kila moja, nikawa mwanafunzi pekee chumbani mwenye miguu ya korongo. Upondo nao nilijifunza, ingawa nawaambia ukweli, kuufundisha ni rahisi kuliko kuusafirisha. Jaribu kufunga nguzo za zaidi ya mita nne juu ya gari na upepo wa Kansas unavyovuma. Upepo huohuo ndio unaoharibu muda wa mita 100, kwa sababu ukizidi mita 2 kwa sekunde mgongoni, muda wako hauhesabiwi kwenye rekodi.

Lakini mahali nilipowapiga chenga hasa ni kwenye kutembea.

Chuo chetu hakiko NCAA. Kiko NAIA, shirikisho jingine ambako viko vyuo vidogo vingi, na NAIA wana kitu ambacho wenzao wakubwa hawana kwenye fainali zao: mbio za kutembea, mita 5000 uwanjani, mizunguko kumi na miwili na nusu. Makocha wengi huzionea aibu. Watu wanacheka viuno vinavyozunguka. Mimi nilichukua matokeo ya ligi ya miaka ya nyuma, nikakaa nayo na kalamu nyekundu, nikitafuta mahali ambapo pointi zinaokotwa chini. Kwenye 1500, mtu wa nane alikuwa mkimbiaji wa maana kabisa. Kwenye kutembea, kuna mwaka waliomaliza hawakufika hata wanane. Yaani pointi zilibaki mezani bila mwenyewe! Ukimaliza tu bila kutolewa, umeshaiongezea timu.

Nilikuwa na binti mmoja wa mita 5000, mtoto wa shamba, mwenye nidhamu ya ajabu na kasi ndogo. Kila mbio alikuwa akipitwa mzunguko mzima. Nilipomweleza mpango wangu akaniuliza, "Kocha, hii ndiyo namna ya Kikenya ya kumfukuza mtu kwenye timu kwa adabu?"

Sheria ni mbili tu. Mguu mmoja uwe chini wakati wote, na goti la mguu wa mbele liwe limenyooka tangu unapogusa ardhi mpaka mwili upite juu yake. Majaji husimama kando ya njia na vibao vya njano vya kuonya. Kimoja kina alama ya wimbi, maana yake umeachana na ardhi. Kingine kina pembe kama kiwiko, maana yake goti limepinda. Majaji watatu wakikuandikia kadi nyekundu, umekwisha.

Shindano lake la kwanza lilikuwa sinema. Mzunguko wa kwanza, jaji akamwinulia kibao cha goti. Yeye akadhani anasalimiwa, akampungia mkono. Mzunguko uliofuata jaji mwingine akamwinulia chake, naye akapunga tena, safari hii na tabasamu. Timu nzima ilikuwa imelala kwenye nyasi kwa kicheko. Kabla ya nusu ya mbio jaji mkuu akamwendea na kibao chekundu, na hata hapo ilibidi mtu amfuate kumweleza kwamba atoke uwanjani. Kocha wa chuo kingine akaja kunipa pole kwa sauti ya kutosha kusikika jukwaani: Wakenya kimbieni, kutembea waachieni Wameksiko. Nikamuuliza kama anamjua Samuel Gathimba, Mkenya, bingwa wa Afrika, shaba ya Jumuiya ya Madola 2018 kule Gold Coast. Hakumjua. Akaenda zake kununua soda.

Nikaona dawa ya jaji ni jaji. Mji wa jirani palikuwa na mzee mstaafu aliyewahi kuamua mbio za kutembea miaka mingi. Nilimwalika chai. Nikakaanga chapati, zile laini zenye matabaka, na chai ya maziwa yenye tangawizi iliyochemka mpaka ikabadilika rangi. Alikula, akaomba ya kubeba, na wiki iliyofuata akatokea uwanjani na vibao vyake kwenye mfuko wa karatasi. Hakuna kanuni inayokataza jaji mstaafu kupenda chapati.

Jambo la kwanza alilofanya ni kuniambia niweke simu mfukoni. Nilikuwa nampiga yule binti video na kuipunguza kasi, nikiona miguu yote miwili iko hewani kidogo, halafu namfokea. Mzee akacheka. Kanuni inazungumzia jicho la mwanadamu, akasema, na hata mabingwa wa dunia ukiwapunguza kasi kwenye video utawakuta wanaelea. Kinachoonekana ni goti. Akamtembeza juu ya mstari mweupe wa njia ili nyonga izunguke yenyewe, hatua fupi, nyepesi, kisigino kitangulie na vidole vikitazama juu, goti limeshanyooka kabla kiatu hakijagusa. Kisha akampandishia kasi kidogo kidogo hadi goti likaanza kulegea, akapiga mluzi. "Hapo," akasema. "Kasi yako ya mashindano iko chini kidogo ya hapo, na usiipite hata mtu akikupita."

Siku ya fainali za ligi walimpita wengi. Nilikaa kimya kabisa, jambo ambalo waliokuwapo wanaweza kushuhudia halijatokea tena. Wa mbele wakaanza kuonyeshwa vibao, kisha vyekundu, mmoja baada ya mwingine, naye akaendelea kama mtu anayewahi basi lakini hataki ionekane. Akamaliza wa tatu. Pointi 6. Tulichukua taji la wanawake kwa tofauti ndogo kuliko hizo 6, na tafadhali pigeni hesabu wenyewe.

Mwaka huo kocha wetu mkuu akachukuliwa na chuo kikubwa. Kwenye usaili, swali la kwanza la jopo lilikuwa Wakenya wangapi naweza kuleta. Sikujibu. Niliwapa karatasi: kila shindano, pointi tulizonazo, pointi zilizolala, na bei ya kuziamsha, mpaka mafuta ya gari na vitanda vya hoteli, wanne chumba kimoja. Mtu wa fedha ndiye aliyetabasamu kwanza, hapo nikajua kazi ni yangu. Nilipompigia mama kumpa habari akauliza, "Kwa hivyo sasa unalipwa kutazama watu wakikimbia?" Nikamwambia na kutembea pia.

Sasa hivi ninao Wakenya wawili, na mmoja anarusha mkuki. Walimu na wazazi mnaonitumia ujumbe, msinitumie muda wa barabarani uliopimwa na binamu kwa saa ya mkono. Tumeni matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, kwanza, maana bila hayo NAIA hawamwidhinishi mtu hata akiwa na mbawa. Na kama shuleni kwenu kuna binti anayerusha tufe mita 12 na hakuna anayemtazama kwa sababu wote mko kwenye 10,000, huyo nitafuteni hata usiku wa manane. Tofauti ya saa ni nane, kipindi cha baridi tisa, nitapokea.