Sss za taarab zilinitoa roho, kumbe kijiti cha sindano

Yakhe mie miezi miwili nimehangaika na santuri za taarab za marehemu babu, kila muimbaji akitamka s au sh inapasuka "tsss" kama samaki anatiwa kwenye mafuta ya moto, na ganuni, ile ala ya nyuzi, ndo usiseme. Nikasafisha santuri, nikabadili waya, nikaazima spika za jirani hapa Kikwajuni, wapi!

Siku moja nikaipiga picha sindano ya mashine ya santuri kwa simu nikaivuta karibu, kumbe kale kajiti kanakobeba almasi ya ncha, kantileva, kamepinda upande, nadhani kitambaa cha kufutia vumbi kilikavuta. Kalikuwa ka alumini, ambayo bei yake rahisi na hupinda kabla ya kukatika, ila si ngumu sana kwa uzito wake kwa hiyo kajiti kenyewe kanaanza kutetema kwenye sauti za juu na kuchangia kelele zake. Boroni, malighafi nyingine ya vijiti hivi, ni ngumu zaidi tena nyepesi, mtetemo huo unahamia kwenye sauti za juu zaidi kabisa, lakini ukiigonga haipindi, inakatika papo hapo!

Basi nikaagiza sindano ya boroni inayoingia katriji ile ile, yaani kile kidude kinachoshika sindano, bei ilinichoma. Uzito wa sindano inavyokandamiza santuri nikapima kwa kimizani nilichoazima kwa sonara, gramu 2 kamili, akanicheka. Sasa s inatoka s. Ila nisidanganye, almasi mpya nayo imechongwa nyembamba kuliko ile ya mwanzo iliyokuwa ya mviringo, kwa hiyo sifa zote si za boroni. Kitambaa nimekificha.