Siku yangu ya Agosti 9, 2022: mahamri, foleni na kura ya kunde

Saa kumi alfajiri nilikuwa jikoni, Majengo, Mombasa. Nilichoma mahamri, nikabandika mbaazi za nazi. Ilikuwa sikukuu ya uchaguzi, lakini watu hawapangi foleni na njaa.

Saa kumi na mbili vituo vilifunguliwa, na wateja walikula huku wamesimama. Kitindamimba wangu, miaka sita, akaniuliza: "Mama, kura ni nini?"

Saa mbili, wateja walipopungua, nikawaita wanangu watatu. Kila mmoja nilimpa kunde moja na mbaazi moja kavu. Usiku tupike nini? Kunde ni wali wa samaki, mbaazi ni chapati. Nenda nyuma ya pazia peke yako, tia moja mkebeni, nyingine nirudishie mkono umefumbwa. Kaka mkubwa alitaka kutia mbili kwa kuwa yeye mkubwa. Nikamkatalia. Hata babake ana moja tu.

Mbaazi mbili, kunde moja. Kitindamimba akaangua kilio, akataka tuhesabu tena. Nilimwaga zote kwenye sinia azione, tukahesabu pole pole yeye akitaja. Sikumwambia anyamaze. Aliyeshindwa ana haki ya kuona hesabu, na chapati atakula kama wenzake.

Saa nne tulikuwa foleni, katika shule ya msingi. Bibi mmoja mwenye mkongojo alipitishwa mbele, na binti yangu, yule kitindamimba, akamwamkia shikamoo. Ndani, karani aliweka kidole changu kwenye mashine, picha yangu ikatokea. Nikapewa karatasi: nyeupe ya rais, manjano ya seneta, zambarau ya mwakilishi wa wanawake, kijani ya mbunge, na ya mwakilishi wa wadi. Ya gavana, ya buluu, haikuwepo. Uchaguzi huo ulikuwa umeahirishwa Mombasa na Kakamega kwa sababu karatasi zilikutwa na makosa.

"Pale ndipo pazia?" akaninong'oneza, akionyesha kibanda cha kupigia kura. Nikamwambia ndipo. Akabaki karibu na mlango bila kuvutwa mkono.

Tulipotoka, alikishika kidole changu cha mwisho cha mkono wa kushoto, chenye wino. Nikamweleza: hautoki upesi, ili nisirudi kutia mbili. "Kama kaka," akasema.

Saa tisa nililoweka mbaazi za kesho. Saa kumi na moja vituo vilifungwa. Nilimwambia sasa wanamwaga mkebe, mawakala wa wagombea wanatazama, na hesabu ya rais itabandikwa mlangoni ili kila mpita njia aisome.

Saa mbili usiku, chapati. Alikula tatu, kisha akauliza ile ya buluu ni lini. Sikuwa na tarehe ya kumpa, nikamwambia hivyo hivyo.

Ilikuja kupigwa Agosti 29. Alinisindikiza, na mlangoni akanivuta kanga: "Mama, moja tu."